Mepo na Mnazi

Kupanda mti si kazi ya mikono peke yake. Ni ahadi mtu aitoayo kwa ardhi. Apandaye kunde aahidi kuwapo hapo miezi michache tu. Apandaye muhogo aahidi mwaka au zaidi kidogo. Walakini apandaye mti wa kudumu hutoa ahadi ndefu kuliko umri wake mwenyewe, na majirani zake huielewa hata kama yeye hakuitamka. Kwetu pwani ya Kenya, katika sehemu za Kilifi nilikozaliwa, ahadi hiyo ilikuwa na nguvu kama ya sheria. Shamba liliweza kuwa mali ya mtu mmoja, na minazi iliyosimama ndani yake ikawa mali ya mtu mwingine, kwa kuwa mti ni wa aliyeupanda na wa watoto wake baada yake. Kwa sababu hiyo mwenye ardhi aghalabu alimruhusu mgeni alime mahindi, mtama na mihogo, lakini alimkataza asipande mnazi wala mwembe. Mgeni mwenye mnazi si mgeni tena.

Nimeanza na habari hiyo ili wewe msomaji upate kufahamu kwa nini mti mmoja mwembamba, nilioupanda nyuma ya nyumba yangu katika nchi ya mbali, uliweza kuzua mazungumzo ya miaka kadhaa baina yangu na mama yangu. Mti huo huitwa mepo. Huenda hujauona kwa macho yako, lakini jani lake umeliona: ni lile jani jekundu lililo katikati ya bendera ya Kanada, bendera iliyopandishwa rasmi tarehe 15 Februari, 1965.

Jamii ya mepo ina aina zaidi ya 100, na nyingi katika hizo huota katika nchi za baridi za kaskazini mwa dunia: China, Japani, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mimi naishi katika mji mdogo magharibi mwa jimbo la Massachusetts, huko Marekani, nilikohamia kwa ajili ya kazi mwaka 2003. Jimbo hilo lina Wakenya wengi, hasa katika mji wa Lowell, ambako mtu aweza kusikia Kiswahili dukani asishangae; lakini mjini kwetu tu wachache mno. Kila mwaka nilimwambia mama kuwa nitarudi mwaka ujao, na kila mwaka ukaja ukapita. Mwaka 2014 nikapata nyumba yangu mwenyewe, yenye ua mdogo upande wa nyuma. Ua ule ulikuwa mtupu kabisa. Nami, niliyekulia chini ya minazi na miembe, nalikuwa kila nikiutazama naona kwamba umepungukiwa na kivuli.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa akikaribia umri wa miaka themanini, ndiye aliyenishauri nipande mepo. Alinionya pia nisichukue mepo yoyote tu. Ipo aina moja iitwayo mepo ya Norwe, iliyoletwa Marekani kutoka Ulaya katika karne ya 18, ambayo hustahimili moshi na vumbi la miji. Watu waliipenda mno zamani wakaipanda kando ya barabara nyingi. Lakini kivuli chake ni kizito hata nyasi hazioti chini yake, mizizi yake hutambaa juu juu, na mbegu zake huruka na upepo zikaingia misituni na kuisonga miti ya asili. Katika jimbo la Massachusetts miche yake hairuhusiwi kuuzwa tena. Mzee yule alinielekeza kwenye mepo ya sukari, mwenyeji halisi wa misitu ya huko, mti ambao majimbo jirani ya Vermont na New York yameuchagua kuwa nembo yao. Mti huo waweza kufikia kimo cha mita 25 na zaidi, na kuishi miaka 200 hata 300 ukipata udongo mzuri.

Nalikuwa na umri wa miaka hamsini nilipoununua mche wangu, mnamo mwezi wa Oktoba, 2015. Kimo chake kilikuwa kama mita mbili, na shina lake halikuzidi unene wa mpini wa jembe. Jioni ile nikampigia mama simu, nikamweleza. Simu ilikuwa mbovu kidogo, na neno langu halikufika vizuri.

"Mwanangu," akasema, "nasikia umepanda mti wa pepo?"

"Mepo, mama, si pepo."

"Haya, mepo. Unazaa nini?"

"Hauzai cha kuliwa na mtu. Una mbegu zenye mabawa, ziliwazo na ndege na kindi. Lakini utomvu wake hugemwa, ukapikwa, ukawa shira."

"Shira hiyo utaipata lini?"

"Yapata miaka thelathini au arobaini, mama."

Akanyamaza kitambo. Mama hakuwa mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nalijua kwamba anafanya hesabu. Kisha akasema taratibu, bila ya hasira, "Basi, mwanangu, umekwisha kuhama."

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Nilimwambia kwamba mti ni mti tu, lakini sote wawili tulijua kwamba maneno hayo hayakuwa kweli. Yeye ni binti wa mtu aliyekatazwa kupanda minazi katika ardhi aliyoilima ujana wake wote. Mtu wa namna hiyo haambiwi kwamba mti ni mti tu.

Upandaji wa mepo una kanuni zake, nazo zafaa miti mingi mingine, hata ya kwetu. Shimo na liwe pana mara mbili au tatu kuliko fundo la mizizi, lakini kina chake kisizidi kimo cha fundo hilo. Mahali shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi lazima paonekane juu ya udongo. Mti uliozikwa shingo hauvuti pumzi vizuri, na mizizi yake huweza kulizunguka shina na kulinyonga baada ya miaka mingi. Juu ya udongo hutandazwa vipande vya magamba ya miti kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ili kuhifadhi unyevu, ila matandazo hayo yasiliguse shina. Mti uwe mbali na nyumba, kwa kuwa mche wa leo ni jitu la kesho. Mimi niliupanda umbali wa mita 10 kutoka ukutani. Ukae mbali pia na barabara, maana wakati wa baridi barabara za huko hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na mepo ya sukari haipatani na chumvi. Baada ya hayo ni maji, na maji, na maji, kwa muda wa miaka miwili au mitatu ya kwanza. Shina nalo nililizungushia wavu wa waya, kwa kuwa sungura na panya wa mashambani hutafuna magamba ya miche wakati theluji imefunika nyasi zote.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba ulipoingia tena, mti wangu ulianza kubadilika. Majani yake, ambayo kila moja lina ncha tano kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, yaligeuka kutoka kijani yakawa ya manjano, kisha ya rangi ya chungwa, na mengine yakawa mekundu. Nilipiga picha nikaituma nyumbani. Mpwa wangu alimwonyesha mama, naye akaisifu. Mnamo Novemba nikatuma picha nyingine. Safari hii mti ulikuwa umesimama uchi, matawi yake kama njiti, na theluji ya kwanza imeanza kuanguka. Mama akanipigia simu mwenyewe.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mti wako umekufa."

Yapasa nikueleze, msomaji, yale niliyomweleza yeye. Mti upukutishao majani haufi, wala hauugui. Siku zinapofupika na baridi inapokaribia, mti huanza kufunga hesabu zake. Vitu vya thamani vilivyomo majanini, hasa nitrojeni, huvutwa na kurudishwa matawini na shinani vikawekwe akiba. Klorofili, yaani ile rangi ya kijani ilishayo mti kwa nuru ya jua, huvunjwa. Hapo ndipo rangi ya manjano huonekana, nayo haikuzaliwa siku ile. Ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani tu, na ni ya namna ile ile iliyomo katika karoti. Rangi nyekundu ndiyo mpya, maana hiyo hutengenezwa na jani lenyewe katika siku zake za mwisho, kutokana na sukari iliyosalia ndani yake. Kisha, mahali kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, mti hujenga ukuta mwembamba mfano wa gamba, ukaziba jeraha kabla jeraha halijatokea. Jani huning'inia kwa nyuzi chache, na upepo mdogo hulitosha.

Sababu ya yote hayo si baridi peke yake. Ni kiu. Jani lina vitundu vidogo visivyohesabika, na kwa vitundu hivyo maji hutoka mchana kutwa yakaenda hewani. Udongo ukiganda, mizizi haiwezi kuvuta maji ya kuyafidia yale yatokayo. Nchi yaweza kuwa imefunikwa na theluji mpaka magotini, na mti ukafa kwa ukame, kwa sababu theluji ni maji yaliyofungwa. Tena majani mapana kama yale yangezuia theluji nyingi juu ya matawi, nayo matawi yangevunjika kwa uzito wake. Kwa hiyo mti hukata matumizi. Huyaacha majani ili usiyaache maisha.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye hakupata kusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini alikuwa mtu wa kuangalia vitu kwa makini. Nyuma ya nyumba yetu ya zamani pana mbuyu mkubwa, na mbuyu, kama ujuavyo, hupukutisha majani yake yote wakati wa kiangazi, ukasimama mtupu miezi kadhaa, ukingoja mvua. Msufi nao hufanya vivyo hivyo. Hakuna mtu wa pwani auonaye mbuyu mtupu akasema umekufa.

"Kumbe," akasema mama, "ni mbuyu wa baridi."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya miti tangu siku ile, na katika vyote sikuona maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Mbuyu na mepo havina undugu wa karibu, na nchi zao zimetengana kwa bahari na majangwa. Lakini adui wao ni mmoja, nao wamepata shauri moja la kumshinda.

Niliongeza neno moja kwa mama, na neno hilo napenda nawe ulishike. Kabla jani la mepo halijaanguka, chipukizi la mwaka ujao limekwisha kufanyika kwapani mwake. Limefungwa katika magamba madogo ya kahawia, dogo kuliko punje ya mtama. Jani haliachi nafasi tupu. Huanguka likimwacha mrithi wake amekwisha kukaa kitini. Ukiutazama kwa karibu mti ulio mtupu katikati ya theluji, utaona kwamba kila ncha ya tawi imebeba kazi ya mwaka utakaofuata.

Sasa niseme juu ya shira, maana hapo ndipo mnazi na mepo hukutana. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Aprili, kuna majuma machache ambapo usiku huganda na mchana huyeyuka. Kupanda na kushuka huko kwa joto husukuma utomvu ndani ya shina. Wanga ambao mti uliuweka akiba mwaka uliopita umekwisha kugeuka sukari, na utomvu huo ukawa mtamu kidogo. Wenyeji wa asili wa nchi ile, kama Waabenaki na Waanishinaabe, walijua kuugema kabla Mzungu hajafika huko. Jirani yangu ana miti mikubwa sita ya mepo, nami humsaidia kazi hiyo. Hutoboa shina kwa keekee, kina cha sentimita 4 au 5, tundu likiinamia nje kidogo ili utomvu utiririke; kisha hutia mrija mdogo na kutundika ndoo. Kila mwaka tundu hutobolewa mahali papya, ili kidonda cha zamani kipate kufunga. Mti wenye afya hauumii kwa kazi hiyo, na ipo miti iliyogemwa miaka mia na zaidi. Lakini mti usiofikia kipenyo cha sentimita 25 au 30 haugemwi kabisa, na ndiyo maana niliitaja ile miaka thelathini au arobaini.

Mimi nalikuwa nimemwona mgema tangu utoto wangu. Mgema wa pwani hupanda hadi kileleni asubuhi na jioni, hukata ncha ya kole changa kwa kotama, hufunga kibuyu chake, na kushuka na tembo tamu lililo tayari kunywewa. Utomvu wa mepo ukiuonja utadhani ni maji matupu, kwa sababu katika sehemu mia moja ni mbili tu zilizo sukari. Ili upate lita moja ya shira, yakubidi uchemshe yapata lita 40 za utomvu, na tundu moja kwa kawaida hutoa kiasi kama hicho katika msimu mzima. Kwa hiyo moto huwaka usiku na mchana, mvuke ukajaa kibandani, na mwisho wa yote ni chupa chache za kitu chenye rangi ya chai ya rangi na utamu wenye harufu ya moshi na karanga za kukaangwa.

Mwaka 2017 nilimpa ndugu mmoja aliyekuwa akisafiri chupa moja ya shira hiyo ampelekee mama. Aliila na vitumbua. Nilimweleza jinsi inavyopikwa, akacheka sana. Akasema kwamba kwetu hunenwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kumbe huko kwangu mti wenyewe ndio utiao maji, na kazi ya mgema ni kuyatoa!

Baada ya kicheko hicho akaniambia jambo alilokuwa amelificha. Mvua za masika ya mwaka ule zilipoanza, alikuwa amechagua nazi iliyokomaa vizuri na kuchipua, akaagiza ichimbiwe shimo upande wa mashariki wa shamba letu dogo, na akaipanda kwa jina langu. "Wewe umepanda huko," akasema, "nami nimekupandia huku. Sasa una ahadi mbili. Nitajua unapoishi, na minazi yangu itajua unapotoka."

Nilielewa kwamba hilo ndilo jibu lake kwa usiku ule wa mwaka 2015. Hakuniambia nikate mepo yangu. Hakuniambia nirudi. Alifanya kile ambacho babu yangu alikatazwa kukifanya: alipanda mti wa kudumu kwa jina la mtu asiyekuwapo, ili mahali pake pasijazwe na mtu mwingine.

Usidhani kwamba ahadi ya mti haina hatari. Katika mji wa Worcester, katika jimbo hilo hilo la Massachusetts, mkaazi mmoja aliona katika ua wake mwaka 2008 mdudu mweusi mwenye madoa meupe na papasi ndefu. Alikuwa mbawakawa kutoka Asia, wa namna inayodhaniwa kusafiri katika mbao za masanduku ya bidhaa. Mabuu yake hutoboa ndani ya shina mpaka mti ukafa, na chakula akipendacho kuliko vyote ni mepo. Mitaa mingi ya Worcester ilikuwa imepandwa mepo mfululizo, nyumba hadi nyumba, kwa hiyo mdudu alikuwa na karamu isiyo na ukomo. Ili kumzuia, serikali ilikata miti zaidi ya 30,000 katika mji huo na vijiji vya jirani. Watu walilala na kivuli wakaamka na jua kali. Wakati wa kupanda upya, watu waliambiwa wapande miti ya aina mbalimbali asiyoila mdudu yule. Mkulima wa Kenya aliyewahi kuona zao moja likishambuliwa katika wilaya nzima hahitaji kufafanuliwa funzo hilo. Mimi nami, kando ya mepo yangu, nimepanda mwaloni na miti miwili midogo ya matunda, na kila mwaka nalikagua shina la mepo nikitafuta matundu ya mviringo, makubwa kama kalamu, ambayo ni alama ya mdudu huyo.

Mama alifariki dunia mwaka 2021, akiwa amepita umri wa miaka themanini. Mnazi wake ulikuwa na miaka minne, majani yake mapana yamekwisha kumpita mtu kimo, lakini haujazaa. Minazi mirefu ya pwani yetu huanza kuzaa baada ya miaka sita, saba au zaidi, naye alilijua hilo alipoupanda, kama vile alivyoujua umri wake. Niliporudi nyumbani mwaka 2024, mnazi ulikuwa umetoa matunda yake ya kwanza. Mpwa wangu aliangua madafu mawili bila ya kupanda, maana mti ungali mfupi. Nililinywa dafu langu nimesimama pale pale shambani.

Nalikuwa nimeulizwa mara nyingi, na watu wa Marekani na wa nyumbani, faida ya mtu wa miaka hamsini kupanda mti utakaogemwa akiwa na miaka themanini au tisini. Nilijibu kwa hoja za kivuli, za ndege, za uzuri wa rangi. Hoja hizo zote ni za kweli. Lakini siku ile nalikuwa nikinywa maji ya mti ambao aliyeupanda hakuyanywa, wala hakutazamia kuyanywa, na niliona kwamba swali lenyewe lina upungufu. Huuliza mti utampa nini apandaye. Ukitazama vivuli vyote ulivyopata kukaa chini yake, viwe vya mwembe wa shule yenu au mkuyu wa sokoni, utaona kwamba vingi vilipandwa au kuhifadhiwa na watu usiowajua, ambao nao hawakukujua wewe. Mepo kubwa zilizo katika mtaa wangu zilipandwa na watu ambao hawakuwaza hata siku moja kwamba mtu wa Kilifi atapita chini yake akienda kazini. Nimekitumia kivuli chao miaka mingi. Lilikuwa deni, na mche wangu ni sehemu ya kulilipa.

Sikushauri wewe, kijana usomaye habari hii huko Kenya, utafute mbegu za mepo ya sukari. Mbegu yake haioti mpaka ikae katika unyevu na baridi iliyo karibu na kuganda kwa muda wa miezi miwili au mitatu, na mti wenyewe huhitaji majira ya baridi ili upumzike na kuchipua vizuri. Ukiupeleka Mombasa utautesa, kama vile mnazi ungeteseka na kufa katika theluji ya Massachusetts. Kila nchi ina miti yake, na kazi ya kwanza ya mpandaji ni kuiuliza ardhi inataka nini. Lakini popote utakapokuwa, hata kama ni mahali ambapo hukutazamia kukaa, usiseme kwamba wewe ni mpita njia na kwa hiyo hupandi kitu. Wapita njia ni sisi sote. Wala usidhani kwamba ukipanda huko umeng'oa mizizi yako ya nyumbani, maana mtu si mti, naye aweza kusimama mahali pawili maadamu apatunza pote pawili.

Mepo yangu sasa imepita mita sita, na unene wa shina lake ni kama wa paja la mtoto. Bado haijafikia hata nusu ya kipimo cha kugemwa. Mtoto wa jirani yangu wa upande wa pili, mwenye umri wa miaka tisa, huja kila Oktoba kuokota majani mekundu na kuyabana katika vitabu vyake. Nimemwonyesha mahali pa kutoboa, upande wa kusini wa shina, mti utakapokuwa tayari.